Sura Kumi na Moja Kuzunguka Shimo

Mjomba wangu alikuwa na kitu kimoja ambacho Kigoma nzima hakukuwa na kingine, na alihakikisha Kigoma nzima inajua. Hakikuwa gari wala mke wa pili. Ilikuwa drive ya CD.

Steshonari yake ilikuwa mtaa wa Gungu, chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi iliyopenda kutafuna karatasi, pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti, na kompyuta aliyoinunua kwenye mnada wa shirika moja la wakimbizi lililokuwa likifunga ofisi. Miaka ile mashirika yalikuwa yakifunga kwa zamu, maana Warundi walikuwa wanarudi kwao, na mji ulijaa viti vya ofisini. Hata kinyozi wetu alipata kiti cha kuzunguka. Ukinyolewa, unausalimia mtaa mzima bila kugeuza shingo.

Drive ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo, na Mjomba aliigundua miezi kadhaa baadaye, kwa bahati mbaya, kama anavyogundua mambo yake mengi. Ilichoma nyimbo kwenye CD kama drive nyingine yoyote. Lakini ukishamaliza, ukaitoa CD, ukaigeuza kifudifudi na kuirudisha, mwale uleule wa mwanga ulioandika nyimbo upande wa chini ulianza kuchora picha upande wa juu. Bila wino wala karatasi ya kubandika. Ulisikia inanong'ona mle ndani karibu nusu saa, halafu trei inatoka na sura ya mtu imelala juu yake, ya kijivu kwenye rangi ya chai ya maziwa, na CD ina joto kidogo kama chapati iliyokwisha kukaa kwenye hotpoti. Mpaka leo nikisikia feni ya kompyuta ikihema natega sikio nikidhani sura ya mtu iko njiani.

Wateja wengine hawakuvutiwa.

"Mbona bwana harusi anaonekana kama amefukuliwa?" mama mmoja aliuliza.

"Hiyo ndiyo ya kisasa, mama," Mjomba alisema. "Ulaya hakuna anayetaka rangi tena."

Mjomba alikuwa hajafika hata Tabora.

CD zenyewe zilikuwa za pekee. Ukiweka ya kawaida, drive inachoma nyimbo sawa, lakini picha inakataa, inakutemea trei kama mtoto aliyelishwa dawa. Boksi la CD hizo lilikuja na kompyuta kutoka mnadani, na ukiuliza nyingine madukani, mwenye duka anakutazama kama umeomba barafu ya kukaanga. Kwa hiyo zilikuwa zinapungua tu.

Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Sasa niko cha tatu na walimu wamenizoea, yaani wamekata tamaa. Jumamosi nilikuwa dukani kwa Mjomba kwa sababu niliijua ile programu ya kuchorea kuliko yeye. Yeye alibonyeza mausi kama anayeua kunguni.

Basi, wiki moja dereva wa lori la maharage, anayepita kwenye kambi ya wakimbizi, alituletea bahasha. Ndani kulikuwa na kaseti ya kwaya na picha moja. Kwaya ya akina mama wa Kirundi, kumi na mmoja, walitaka CD kumi na moja zenye nyimbo zao ndani na sura zao juu. Msafara wa kwanza wa kambi yao kurudi Burundi ulikuwa unaondoka Jumanne ya wiki iliyofuata. Wanane walikuwa kwenye msafara huo, kila mmoja na kilima chake, maana kwao kijiji huitwa kilima, na watatu waliobaki waliwekwa kwenye misafara ya nyuma. Baada ya Jumanne kwaya isingekuwepo.

Mjomba akaingiza nyimbo kwenye kompyuta, akazichoma kwenye CD kumi na moja siku ya Ijumaa. Sura tukaziacha, kwa sababu akina mama walitaka kuziona zikitoka.

Jumamosi saa tatu asubuhi walishuka kwenye lori, vitenge vya aina moja, vumbi limewapaka nyusi. Walikuwa na kibali cha siku moja cha kutoka kambini, kimeandikwa "kununua mahitaji ya safari." Lori lingegeuza saa tisa, na kibali kingine kisingepatikana.

Mkubwa wao alikuwa bibi mwembamba, mrefu, anayetembea kama amebeba mtungi kichwani hata akiwa hana kitu.

"Shikamoo, mama," Mjomba alisema.

"Marahaba, mwanangu. Amahoro. Iko wapi hiyo mashine inayochora watu?"

Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu wetu wa Kiswahili, na hili nalisema nikijua anaweza kulisoma. Aliishi kijiji cha Simbo miaka mingi, alilima huko, mpaka ilipoamriwa Warundi wa vijijini wote wapelekwe kambini. Alikuwa amekimbia Burundi zamani sana, kabla hata Mjomba hajazaliwa, akiwa msichana wa miaka kumi na minane.

Mjomba akaweka picha kwenye skana. Ilikuwa picha ya kwaya kama picha zote za kwaya: mistari miwili, na bibi amekaa katikati, maana mkubwa hukaa katikati. Mjomba alikuwa amechora maharusi wengi, bwana upande huu na bibi harusi upande ule, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu katikati. Akaiweka hivyohivyo, mimi nikabonyeza.

Nusu saa wote walikaa kwenye benchi na sakafuni, wakisikiliza drive inavyonong'ona. Trei ikatoka. Mjomba akaichukua CD kwa ncha za vidole, akaigeuza, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili.

Bibi akaitazama. Akatia kidole cha shahada kwenye tundu la katikati, kikatokea upande wa pili.

"Hapa," alisema, "ndipo nilipo mimi?"

Walikuwepo akina mama kumi, wazuri, kila mmoja na macho yake. Katikati yao kulikuwa na mabega mawili na shimo.

Nilicheka. Siombi msamaha, mngekuwepo mngecheka. Wao pia walicheka, mmoja akalala kabisa kwenye mashine ya fotokopi. Mpaka tulipoona bibi hacheki.

"Mnacheka," alisema taratibu. "Mimi nina mdogo wangu kule. Nilimwacha hajui kazi yoyote isipokuwa kuteka maji. Mwaka jana nikasikia yuko hai, na yeye anawaambia watu dada yake alishakufa. Alinililia, akamaliza matanga." Akamwonyesha mama mmoja mnene aliyekuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Huyu anatoka kilima cha jirani na kwetu. Anaondoka Jumanne. Mimi na mzee wangu tumewekwa msafara wa mwisho, miguu yake haifai. Nataka huyu atangulie na sura yangu. Sitaki nifike mlangoni kwa mdogo wangu kama mzimu. Anione kwanza, ashtuke, amalize kushtuka, ndipo nifike."

"Si atasikia sauti yako kwenye nyimbo, mama," Mjomba alisema.

"Atasikilizia wapi? Kule hana umeme, hana redio. Macho anayo."

Mjomba akakuna kichwa. Akasema hakuna neno, CD zipo za kutosha, amehesabu mwenyewe, zilikuwa kumi na nne. Akafungua boksi. Akahesabu. Akahesabu tena, halafu akanitazama mimi bila kugeuza kichwa, kwa macho tu.

"Zimebaki kumi na moja."

"Moja tumeiharibu sasa hivi, Mjomba."

"Kumi na nne toa moja?"

Nikasema kumi na tatu. Hesabu najua, tatizo langu ni tabia. Mbili nilizitumia siku moja aliyokuwa amekwenda kuswali Ijumaa. Nilimchora mwalimu wetu wa nidhamu akiwa na masikio ya mbuzi, moja ya kwangu na moja ya darasa. Ile ya darasa ilizunguka mpaka shule ya jirani. Zilitoka vizuri sana, ndevu zilikaa penyewe. Siku zile niliona ndiyo kazi bora iliyowahi kutoka kwenye drive ile. Sasa nilisimama mbele ya akina mama kumi na mmoja wenye CD kumi na moja, hakuna ya kukosea, na masikio ya mbuzi hayakunichekesha tena.

"Tutaongea," Mjomba alisema. Kwa Kiha, lugha ya kwetu, maana yake ni zaidi ya hapo.

Ikabidi picha mpya. Lakini ipi? Mjomba akasema bibi asogee pembeni kidogo, aache nafasi tupu katikati. Wenzake wakakataa. Mama hawezi kukaa pembeni, watu wa kwao watasema alifanyiwa nini Tanzania. Mwingine akasema basi katikati akae mtoto wa mtu, shimo limle yeye. Wakabishana kwa Kirundi, haraka, mikono hewani, na saa ilikuwa imeshafika nne kasoro.

"Kaeni duara," nikasema. "Kama mnaosubiri ugali. Mtazame juu, Mjomba apige kutoka kwenye ukuta wa jirani. Shimo likae lenyewe katikati. Hakuna atakayekuwa pembeni."

Bibi akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Ego," alisema, yaani ndiyo. "Huyu ana akili, ila inaonekana inatoka mara mojamoja."

Mjomba akapanda kwenye ukuta wa nyumba ya jirani iliyokuwa haijamalizika, suruali ya Jumamosi ikachanika, kamera shingoni. Chini wakatandika mikeka. Ili duara lisibane tuliweka ndoo ya maji katikati, wao wakakaa kuizunguka, magoti kwa magoti, wakainamia ndani kisha wakainua nyuso. Bibi upande mmoja, kushoto kwake mama mnene, kulia kwake binti mdogo kuliko wote, miaka kumi na minane hivi, ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya juu kabisa kwenye kaseti.

"Chekeni basi," Mjomba akasema kutoka juu.

"Shuka kwanza usije ukatuangukia," mama mnene akajibu, na hapo ndipo alipobonyeza. Ndoo ikamezwa na shimo, sawasawa kabisa. Wote kumi na mmoja walibaki.

Mjomba akachoma nyimbo kwenye CD moja iliyokuwa bado tupu, na kazi ikaanza saa nne na nusu. Nilipunguza ubora kidogo ili kila moja imalizike mapema, na Mjomba akataka namba ya simu ya duka izunguke ukingoni, tangazo halina msimu. Nani aanze? Niliwaza bibi atadai ya kwanza. Hakudai. Alipanga kwa safari: anayekwenda mbali zaidi ya kwanza, halafu anayefuata, na ya kwake ya mwisho.

"Mama, ya kwako ndiyo yenye kazi," mama mnene alimwambia.

"Yangu utaibeba wewe. Leo huondoki hapa kabla yangu, au lori lako lina mbawa?"

Zile saa ndizo ninazozikumbuka zaidi. Hakuna kilichotokea ndani yake. Trei inaingia, trei inatoka. Kila mmoja akipokea yake anawatafuta wenzake kwanza, mwisho ndipo anajitafuta, na akijipata anasema amekonda. Walionunua kandambili walinunua. Wanne waliniomba niwapeleke ziwani, kwa sababu kambi iko bara na wengine hawakuwa wameliona ziwa tangu wavuke. Tukateremka Kibirizi. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, unaruka huku na huku usiwakanyage. Wakavua viatu wakaingia maji ya magotini.

"Kwetu ni upande gani?" mmoja wao aliuliza.

Nikawaonyesha kaskazini, kule pwani inakojikunja. Ng'ambo mbele yetu ni Kongo, nikasema, huko msiende, mtapotea. Wakacheka. Mmoja alichota maji kwa kiganja, akayanusa, akayarudisha ziwani.

Tuliporudi dukani waliobaki walikuwa wanaimba polepole, wanafuata mvumo wa drive. Mjomba alikuwa amefunga fotokopi isiwasumbue. Sijawahi kumwona akifukuza mteja kabla ya siku ile wala baada yake.

Saa nane na robo, CD ya kumi ikatoka. Nikaweka ya bibi, kifudifudi, nikaangalia mara tatu kama imegeuka. Drive ikaanza kunong'ona. Ikapita dakika kumi. Kumi na tatu. Kisha ikanyamaza, na feni ikanyamaza, na redio ya kinyozi ng'ambo ya barabara ikanyamaza.

Umeme ulikuwa umekatika.

Jenereta ya Mjomba ilikuwa pale kona, imewekewa kitambaa na maua ya plastiki, mwaka wa pili haijawaka. Tulisubiri. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro. Dereva wa lori akapiga honi mara moja, ya adabu, halafu mara ya pili, bila adabu. Kibali kiliandikwa kurudi kabla ya giza na barabara ya kambini ni ndefu.

Nikatafuta kipini, maana trei ina kitundu kidogo, ukichomeka kipini inafunguka hata bila umeme. Nilikuwa na hakika nimeua kazi ya yule bibi kwa njia fulani, sikujua ipi, lakini niliona mkono wangu umo. Nikaitoa. Nikaigeuza.

Mashine ile huanza kuchora kwenye shimo na kuelekea nje, pete juu ya pete, kama mtu anayefagia ua kuanzia mlangoni. Ilikuwa imefika kwenye mabega. Sura zote kumi na moja zilikuwepo kuzunguka shimo, zimetazama juu, zimekamilika. Baada ya shingo hakukuwa na kitu. Vitenge hakuna, magoti hakuna, mikeka hakuna, namba ya simu ya Mjomba hakuna. Rangi ya chai ya maziwa tupu mpaka ukingoni.

Mjomba akaanza kusema atatafuta mtu mwenye jenereta, dereva asubiri kidogo. Bibi akaichukua kutoka mkononi mwangu. Akaizungusha polepole, akagusa kila sura kwa kidole, midomo ikihesabu, mpaka akafika kwake.

"Sura zote zipo," alisema. "Miguu tutakwenda nayo wenyewe."

Akampa mama mnene, naye akaifunga kwenye upindo wa kitenge kipya. Mjomba akamwonya asiianike juani, itafifia. Akasema hata yeye juani anafifia, anajua. Lori likaondoka. Mjomba akasimama barabarani mpaka vumbi likatua, akasahau hata kuniuliza habari ya zile CD mbili za masikio ya mbuzi.

Aliziulizia kesho yake. Hayo yapite.

Wiki tatu baadaye simu ya duka iliita, namba ndefu ya nje. Mama mnene, ameisoma namba kwenye ukingo wa CD yake mwenyewe. Mjomba akaweka sauti ya nje tukasikiliza wote wawili.

"Nimefika kwake," alisema. "Nimempa. Kwanza kashika upande unaong'aa, akajiona, akasema, mbona huyu ni mimi? Nikamgeuzia. Nikamwambia dada yako yuko hapa, hajafa, anakuja. Akaketi chini. Akapitisha kidole duara lote. Amepita kwa bibi, hakusimama."

"Akasimama wapi?" Mjomba aliuliza.

"Kwa yule binti wetu. Kasema, huyu ndiye dada. Ananiambia hata macho ni yale. Mimi nimeshindwa kumsahihisha. Sasa bibi aliyebaki kambini nimwambieje? Ninyi mna dereva, mpelekeeni habari."

Simu ikakatika, hela zimeisha. Mjomba akanisogezea karatasi.

"Andika wewe. Wewe ndiye mwenye maneno."

Niliandika kwamba mdogo wako amekutambua mara moja, amelia kwa furaha, anakusubiri. Ilikuwa barua nzuri. Kudanganya ni kitu ninachokifanya bila kutokwa jasho, waulize walimu. Nikaisoma, nikamwona bibi amesimama kwenye mlango ule na mdogo wake anatazama nyuma yake, anamtafuta yule msichana wa miaka kumi na minane aliyemwacha. Nikaichana. Nikaandika ya pili, fupi, kama ilivyokuwa: amepita kwako, amesimama kwa binti, amesema huyu ndiye dada. Nikampa dereva, na siku mbili sikuchekesha mtu, mpaka mama yangu akanipima homa.

Dereva akarudi Jumamosi. Hakuwa na karatasi, alikuwa na maneno.

"Nimemsomea mwenyewe," alisema, ameegemea fotokopi. "Nikajua nimeleta msiba. Akaniambia nirudie pale kwenye kidole. Nikarudia. Halafu kacheka, yule bibi, kacheka mpaka mzee wake akatoka ndani na fimbo kuuliza kuna nini."

"Akasema?"

"Kasema mpigieni yule mama aliyebeba sura yangu, amwambie mdogo wangu hakukosea. Ni mimi nimechelewa."

Mjomba akanipa simu. Nikaipiga ile namba ndefu, ikaita sana, mama mnene akapokea. Nikayasema maneno ya bibi kama yalivyokuja, bila kuongeza hata moja, na anayenijua anajua hiyo haikuwa kazi ndogo.